Mombasa, Pemba na Tanga Zinazolizunguka Jua

Kuna Mombasa nyingine, isiyo na feri ya Likoni wala soko la Kongowea. Ni mwamba wenye upana wa makumi ya kilomita, unaolizunguka jua katika ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii, na katika daftari la wanaastronomia umeandikwa 1428 Mombasa. Unaofuata ni 1429 Pemba. Uliotangulia ni 1427 Ruvuma. Ukiendelea kufunua kurasa utaikuta 1278 Kenya imekaa bega kwa bega na 1279 Uganda, kisha 1356 Nyanza, 1595 Tanga, 1641 Tana, 1948 Kampala.

Mtu wa pwani akionyeshwa orodha hii huuliza jambo moja kabla ya yote: nani aliyetupeleka huko?

Ni Cyril Jackson. Alizaliwa Uingereza mwaka 1903, akahamia Afrika Kusini akiwa mtoto, na baadaye akaajiriwa katika kituo cha kuchunguza anga cha Union Observatory, Johannesburg. Kituo hicho kilikuwa na sifa yake tayari. Ndipo Robert Innes alipoigundua, mwaka 1915, Proxima Centauri, nyota iliyo jirani zaidi na jua letu. Jackson yeye aliwinda asteroidi, yaani vile vipande vya miamba vilivyosalia tangu sayari zilipoumbika, na hadi anastaafu alikuwa amehesabiwa ugunduzi wa 72.

Kazi hiyo ilitaka macho na subira kuliko hesabu. Usiku darubini ilipiga picha kipande kimoja cha anga kwenye bamba la kioo, na baada ya muda ikakipiga tena. Mabamba hayo mawili yaliwekwa ndani ya mashine yenye lenzi moja ya kuchungulia, ambayo ilimwonyesha mtazamaji bamba la kwanza, la pili, la kwanza, la pili, harakaharaka. Nyota zote hutulia mahali pake. Nukta moja ikirukaruka kushoto na kulia, basi hiyo si nyota. Ni kitu kilichosogea kati ya picha na picha. Hapo ndipo shughuli ilipoanza, kwa sababu nukta iliyoonekana mara moja ikaachwa hupotea, na aliyeipoteza hana lake. Ilibidi kuifuata usiku baada ya usiku, mwaka hata mwaka, mpaka njia yake ijulikane.

Aliyeifuata hadi mwisho ndiye aliyepewa haki ya kuipa jina. Jackson alitumia haki yake kuichora Afrika aliyoijua: mito, miji, makoloni, watu. Mwaka 1931 alianza na 1193 Africa. Yumo Chaka, yumo Khama, wamo Wamashona. Imo pia 1197 Rhodesia, na hapo ndipo msomaji wa leo anapokunja uso. Nchi hiyo imekuwa Zimbabwe tangu 1980, lakini mwamba haukupata uhuru. 1638 Ruanda bado imeandikwa kwa tahajia ya wakoloni. Na 1326 Losaka, kwa jinsi ilivyo, ni mji mkuu wa Zambia uliokosewa herufi moja, ukabaki hivyo hivyo kwa zaidi ya miaka themanini.

Wapo watakaotaka majina hayo yasahihishwe. Mimi nasema yaachwe. Barabara inayoitwa kwa jina la gavana dhalimu inamuumiza mpita njia kila asubuhi, na ina haki ya kubadilishwa. Mwamba hauna mpita njia. Rhodesia ya angani inatuambia jambo la kweli: kwamba katika miaka ya 1930 mtu aliyekaa kwenye darubini Johannesburg aliiona Afrika kwa ramani ya Waingereza, na kwamba hakuna mtu wa Lusaka aliyekuwa chumbani kumwambia kuwa mji wao hauandikwi vile. Ukifuta herufi hiyo moja unaufuta na ushahidi.

Hata hivyo tusimwonee Jackson peke yake. Historia ya majina haya imejaa kujipendekeza tangu siku ya kwanza. Asteroidi ya kwanza ilionekana tarehe 1 Januari 1801, huko Palermo, Sicilia, na aliyeiona, padri Giuseppe Piazzi, aliiita Ceres Ferdinandea. Ceres ni mungu wa mavuno wa Warumi. Ferdinandea ni kwa heshima ya Ferdinand, mfalme aliyemlipa mshahara. Wanaastronomia wa nchi nyingine walikubali mavuno wakamtema mfalme. Mwaka 1850 John Russell Hind wa London aliita ugunduzi wake Victoria, wakati malkia wa jina hilo akiwa kitini. Wamarekani wakapandisha hasira: mbingu si mali ya Waingereza, na baadhi yao wakaendelea kuuita mwamba huo Clio. Hind akajitetea kwamba Victoria ni mungu wa ushindi wa Warumi wa kale. Ni kweli alikuwepo mungu huyo, na ni kweli pia kwamba hakuna aliyedanganyika. Jina likapita. Kufikia 1857 hata kisingizio hakikuhitajika tena; mwamba wa 45 ukaitwa Eugenia, jina la mke wa mfalme Napoleon wa Tatu wa Ufaransa, mchana kweupe.

Halafu ikaingia pesa. Johann Palisa, mmoja wa wagunduzi hodari waliopata kutokea, alikuwa Vienna akitafuta nauli ya kwenda kuangalia kupatwa kwa jua kwa mwaka 1886. Akatangaza kuwa anauza haki ya kuupa jina mwamba mmoja kwa pauni 50. Mnunuzi akapatikana, Baron Albert von Rothschild, tajiri wa benki, na ndiyo maana mkewe anaendelea kulizunguka jua kama 250 Bettina. Siku hizi biashara ya aina hiyo haina nafasi rasmi. Zile kampuni zinazokuuzia cheti cha nyota kwa ajili ya mchumba wako zinakuuzia karatasi. Hakuna mwanaastronomia atakayelitumia jina hilo.

Ndani ya mkumbo huo walikuwemo pia watu wa kawaida, na hao ndio wanaonivutia. Karl Ludwig Hencke alikuwa mtumishi wa posta katika Prussia. Baada ya miamba minne ya mwanzo wataalamu walidhani imekwisha, lakini yeye alitafuta kwa miaka 15 kwa darubini yake mwenyewe, hadi mwaka 1845 alipoiona ya tano, ikaitwa Astraea. Hermann Goldschmidt alikuwa mchoraji aliyeishi Paris juu ya mkahawa, na kutoka humo akagundua 21 Lutetia mwaka 1852. Lutetia ni jina la Paris la enzi za Warumi. Chombo cha Rosetta cha Ulaya kilipita karibu na mwamba huo mwaka 2010 kikaupiga picha, mashimo yake yakaonekana.

Leo macho ya binadamu yamepokwa kazi na kamera zinazoendeshwa na kompyuta. Asteroidi zinazojulikana zimevuka milioni moja, na hakuna kamusi ya miungu inayoweza kuzitosha. Kwa hiyo jina halianzi kuwa jina. Huanza kama namba ya foleni, na namba hiyo ukiijua kuisoma ni tamu. Chukua 2024 YR4, ile iliyotikisa magazeti mwanzoni mwa 2025 kwa sababu uwezekano wa kuigonga dunia mwaka 2032 ulifika kama asilimia 3 kabla ya kuporomoka hadi karibu na sifuri. Mwaka umegawanywa katika nusumwezi 24, kila moja ikipewa herufi. Y ni nusu ya mwisho ya Desemba. Herufi ya pili na namba iliyo mwishoni zinahesabu zamu. Alfabeti huzungushwa bila herufi I, yaani herufi 25 kwa mzunguko. Tarakimu 4 ina maana mizunguko minne imekwisha, ambayo ni 100, na R ni ya 17. Kwa hiyo mwamba huo ulikuwa wa 117 kuandikishwa katika siku hizo kumi na sita tu za mwisho wa mwaka 2024. Yote hayo yamo ndani ya herufi mbili na tarakimu moja.

Njia yake ikishathibitishwa barabara, jambo linalochukua miaka kadhaa, mwamba hupewa namba ya kudumu, na hapo mgunduzi ana miaka kumi ya kupendekeza jina. Mtoto wetu wa Kiswahili anafanyiwa akika siku ya saba. Mwamba unaweza kukaa miaka ishirini bila jina, na walio wengi hawatapata kamwe. Zaidi ya laki nane zina namba. Zenye majina ni kama 25,000.

Pendekezo huenda kwa kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia. Jina lisizidi herufi 16, litamkike katika lugha fulani ya binadamu, lisifanane mno na lililopo, lisitukane mtu, lisitangaze biashara. Mgunduzi hajiiti mwenyewe. Wanyama wa nyumbani wamekatazwa kwa upole, na wa kulaumiwa ni paka: James Gibson aliuita mwamba wa 2309 Mr. Spock, akimkusudia paka wake aliyepewa jina la yule mhusika wa televisheni mwenye masikio ya ncha. Kelele zilizofuata ndizo zilizoleta kanuni. Mimi paka simwoni na kosa lolote, hasa nikimlinganisha na baadhi ya wafalme waliomtangulia.

Kisha kuna mitaa. Miamba inayosafiri mbele na nyuma ya Mshtarii hupewa majina ya mashujaa wa vita vya Troya, Wagiriki kambi moja na Watroya kambi nyingine, ila kwamba 624 Hektor, shujaa wa Troya, yuko kambi ya Wagiriki, na 617 Patroclus, Mgiriki, yuko kwa Watroya. Walibatizwa kabla kambi hazijatenganishwa, na hadi leo wanataniwa kuwa ni majasusi. Mashujaa walipokaribia kwisha, mwaka 2018 ikaamuliwa kuwa miamba midogo ya mitaa hiyo ipewe majina ya wanariadha wa Olimpiki. Hapo nadhani Kipchoge Keino na Filbert Bayi wana haki ya kutajwa kabla ya wengi.

Lakini kanuni ninayoipenda kuliko zote ni ile inayohusu wanasiasa na wanajeshi. Wao wanangoja miaka 100 baada ya kufa, na vita na matukio yao miaka 100 baada ya kutokea. Mwanamuziki anaweza kupewa mwamba akiwa hai, mwalimu wa fizikia vilevile, hata mwanafunzi wa sekondari aliyeshinda mashindano ya sayansi. Rais hapana. Sababu ni rahisi na imejengwa juu ya makovu ya Ferdinandea, Victoria na Eugenia: anayempa mtawala aliye hai jina la kitu hampi heshima, anamwomba kitu.

Huku kwetu subira hiyo hatuna. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984, Moi mwenyewe akiwa Ikulu na miaka mingi ya kutawala ikiwa bado mbele yake. Uwanja wa Taifa wa Dar es Salaam ulipewa jina la Benjamin Mkapa mwaka 2020, mara tu baada ya kifo chake. Sisemi kwamba wote hawakustahili. Uwanja ule ulianza kujengwa katika zama za Mkapa na mashabiki wa Simba na Yanga wamemzoea kwa mapenzi. Nasema kwamba shule, barabara, daraja na hospitali vikipewa majina wakati mwenye jina bado anagawa vyeo, hatuwezi kujua kama wananchi walimpenda au mkuu wa wilaya alitaka kupandishwa. Kwa kanuni ya angani Kinjeketile, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905, angeruhusiwa leo. Lumumba angengoja hadi 2061. Jomo Kenyatta 2078. Mwalimu Nyerere 2099. Wangari Maathai angezua ubishi mzuri kamatini, maana alikuwa mtetezi wa miti na pia naibu waziri.

Kwa miaka ya karibuni mashariki mwa Afrika pamezidi kutajwa huko juu. Mwaka 2016, siku ambayo Freddie Mercury angetimiza miaka 70, mwamba wa 17473 ulitangazwa kuwa Freddiemercury. Mwamba huo uligunduliwa mwaka 1991, mwaka aliofariki. Aliyetoa habari ni Brian May, mpiga gitaa mwenzake wa Queen, ambaye ana shahada ya uzamivu ya fizikia ya anga na mwamba wake mwenyewe. Maelezo ya dunia humwita Freddie mwanamuziki wa Kiingereza. Alizaliwa Unguja, jina lake Farrokh Bulsara, na watalii wanaopiga picha mbele ya nyumba yake Mji Mkongwe wanalijua hilo.

Novemba 2023 chombo cha Marekani kiitwacho Lucy kilipita kando ya mwamba mdogo ulioitwa Dinkinesh. Hilo ni jina ambalo Waethiopia wameipa ile mifupa ya kale iliyofukuliwa Hadar mwaka 1974, ambayo wazungu huiita Lucy. Kumbe mwamba ule una mwezi wake, na mwezi wenyewe ni vipande viwili vilivyogusana. Ukaitwa Selam, kwa heshima ya mabaki ya mtoto aliyefukuliwa Dikika, nchi hiyo hiyo. Aprili 2025 chombo kilekile kikapita kwenye mwamba wa Donaldjohanson, ulioitwa kwa jina la mmoja wa waliomfukua Lucy. Ni mrefu, wenye vichwa viwili na shingo nyembamba. Kichwa kidogo kimeitwa Afar. Kikubwa kimeitwa Olduvai.

Olduvai ni bonde la Ngorongoro, kwa hiyo Ngorongoro nayo imefika. Na imefika na kosa lake, kama Losaka: Wamasai wenyewe huliita bonde lile Oldupai, jina la katani-pori inayoota pale, na Olduvai ni sikio la mgeni lililokosa herufi. Kosa hilo lilishaingia kwenye vitabu vyote kabla hata Mary Leakey hajaliokota fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, na sasa limechongwa kwenye mwamba ambao hakuna atakayeufikia kuusahihisha.

Hapa ndipo furaha yangu inapopata mushkeli. Magazeti yetu huandika kwa fahari kwamba tumo angani, na kweli tumo. Lakini tumo kama tulivyokuwemo wakati wa Jackson: kama waliotajwa. Karibu miaka tisini imepita kati ya Mombasa yake na Olduvai ya Lucy, heshima imeongezeka sana, na aliyeshika kalamu bado ni mtu mwingine. Pale tulipoachiwa kalamu hatukufanya vibaya. Mwaka 2019 kila nchi ilipewa nyota moja na sayari yake, mbali nje ya mfumo wa jua letu, izipe majina kwa kushirikisha wananchi. Watanzania waliita nyota yao Mpingo na sayari yake Tanzanite. Wakenya wakachagua maneno ya Kijaluo, Kalausi, ule upepo wa kisulisuli, na Buru, vumbi. Hakuna aliyempendekeza mheshimiwa yeyote, au kama alipendekezwa hakupita. Mpingo ni mti mweusi, mgumu, unaokua taratibu, na kuupa nyota jina hilo ni uteuzi ambao hata mshairi angeuridhia.

Lile lilikuwa zawadi, hata hivyo. Asteroidi hazigawiwi, zinatafutwa. Na siku hizi kuzitafuta hakuhitaji kuwa na darubini yako juu ya mlima. Tangu 2006 kuna mpango wa kimataifa unaoendeshwa kutoka Chuo Kikuu cha Hardin-Simmons, Texas, unaowapa wanafunzi na watu wa kawaida picha za darubini kubwa bila malipo. Picha hutoka kwenye darubini ya Pan-STARRS huko Hawaii. Mwanafunzi anazifungua kwenye kompyuta ya kawaida kwa programu maalumu, picha nne za sehemu moja ya anga, anazicheza mfululizo na kutafuta nukta inayosogea katikati ya zisizosogea. Ni kazi ile ile ya Jackson, mashine tu ndiyo imebadilika. Inataka intaneti ya wastani, umeme usiokatika saa mbili mfululizo, na mwalimu asiyeona kuwa jambo lisilo kwenye mtihani ni kupoteza muda. Katika hayo matatu la mwisho ndilo adimu.

Kuna pia kichocheo kinachokuja chenyewe. Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 14 Aprili 2029, kwa saa za Afrika Mashariki, mwamba wa Apophis, wenye urefu wa mita zaidi ya 300, utapita kilomita kama 32,000 kutoka usoni mwa dunia, chini ya baadhi ya setilaiti za televisheni. Hautatugonga. Watu wa Ulaya, Afrika na Asia ya Magharibi wataweza kuuona kwa macho matupu, nukta inayotembea kati ya nyota. Jina lake ni la joka la giza la Wamisri wa kale, adui wa jua, ingawa wawili kati ya wagunduzi wake walikuwa pia wapenzi wa tamthilia ya televisheni yenye adui wa jina hilo hilo. Shule inayotaka kuanzisha klabu ya anga haitapata tangazo bora kuliko hilo.

Wakati tunawangoja wawindaji wetu, mlango mdogo uko wazi. Mgunduzi anaweza kupokea pendekezo la mtu mwingine, na wengi wana miamba mingi kuliko majina waliyo nayo. Pendekezo huambatana na maelezo mafupi, ya ukavu, yasiyo na sifa za kupamba. La kwangu lingesomeka hivi: Sitibintisaad. Siti binti Saad (takriban 1880–1950), mwimbaji wa taarab, alizaliwa Fumba, Unguja, akauza vyungu mjini kabla ya kujulikana kwa sauti yake. Alirekodi santuri kwa Kiswahili mjini Bombay mwaka 1928. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Herufi ni 13, hakuna mwanasiasa wala paka. Akikubaliwa, Unguja itakuwa na waimbaji wawili huko juu, na yeye ndiye atakayekuwa amepelekwa kwa barua iliyoandikwa nyumbani.